Televisheni Inayomwonyesha Bibi

Anaeli mwanangu,

Barua hii nimeiweka ndani ya boksi la televisheni, kati ya boya jeupe la kuikinga isivunjike na kioo, kwa sababu najua hapo mumeo hatapekua kabla yako. Au atapekua. Kama ni wewe unayesoma, Baraka, ikunje kama ulivyoikuta, mpe mwenyewe.

Haya. Ni jioni, wewe uko Sokon One kwa mama yako mdogo mnasukana, nami niko hapa Kimandolu sebuleni, mizigo yako imenizunguka mpaka sina pa kuweka miguu. Kesho mnaondoka kwenda Mwanza. Sitakuandikia habari za kupika wala za kuishi na mawifi. Hayo uliambiwa kwenye kichen pati na wanawake wanaoyajua kuliko mimi, ingawa nusu yao wameachika.

Nakuandikia kwa sababu ya lile swali lako. Umeniuliza mara mbili. Mara ya kwanza ni siku ya mahari, wajomba zako wakiwa nje na wageni. Mara ya pili ni asubuhi ya harusi, nikikufunga gauni. "Mama, umemkubali Baraka?" Ile ya kwanza nilikwambia niache, maziwa yanachemka. Ile ya pili nikasema simama wima, zipu imekwama. Maziwa hayakuwa yanachemka, mwanangu, na zipu ilikuwa imeshapanda.

Nakufahamu, hutauliza mara ya tatu. Na ninajua swali hilo linavyokaa tumboni likikosa jibu, maana mimi nilimuuliza bibi yako hilohilo kuhusu baba yako, na mpaka tunamzika hakunijibu.

Baba yako humkumbuki vizuri, nami sikukuhadithia, kwa hiyo sikiliza leo. Alikuwa dalali wa mawe ya vito ya Mererani. Alikuja kwetu kule mlimani, njia ya migombani, akiwa na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, kwenye tope lile! Nikasema mwanaume ndiye huyu. Bibi yako alikuwa uani anachambua kahawa. Alimtazama mara moja tu, akarudisha macho kwenye ungo. Alipoondoka akasema kwa Kiswahili chake cha kubahatisha: "Huyu mtu anang'aa sana." Nikamuuliza, "Mama, umemkubali?" Akaendelea kuchambua kahawa. Nikajiambia wazee wana wivu na vijana, nikaolewa.

Televisheni zilipoanza kuingia nchini, baba yako alikuwa wa kwanza mtaani kwetu kuwa nayo. Chogo kubwa, zile za zamani zenye kisogo kirefu nyuma, wanaume wawili walilibeba kutoka kwenye gari. Yesu wangu, siku ile! Kimandolu yote ilihamia sebuleni, watoto chini, wazee kwenye makochi, wengine wamening'inia dirishani. Picha ilikuwa chenga tupu, na msomaji wa habari alikuwa na uso wa kijani. Tulidhani ndivyo televisheni ilivyo. Mimi mwenyewe niligawa chai kwa maringo, nikasema kule Dar watu wote wanaonekana hivyo.

Wewe ndiye uliyetufumbua macho. Ulikuwa mtoto mwenye vidole vya udadisi, ukakaa pale chini unakwangua jina la kampuni kwa ukucha, na jina likabanduka. Lilikuwa stika! Chini yake kulikuwa na jina jingine ambalo hakuna mtu aliyeweza kulisoma. Nikamwita baba yako aone. Akacheka, akasema, "Kwani picha si inaonekana?"

Nilichukua gundi, nikairudisha ile stika, majirani wasijue.

Baadaye aliaga kwamba anakwenda Mererani kuangalia mzigo. Aliaga vizuri mno. Alikubeba, akanishika mkono, akanunua mkate na blubendi. Hakurudi. Nilisikia yuko Nairobi, halafu nikasikia yuko kwingine na mwanamke mwingine, halafu nikaacha kusikiliza. Tangu hapo mtu akiaga vizuri sana, mimi naangalia mabegi yake. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na mimi niliumwa nikiwa nimevaa gauni la harusi.

Bibi yako alitupokea mlimani mpaka niliposimama tena. Hakusema "nilikwambia." Hakusema chochote. Alinipa jembe, alikupa maziwa, basi. Mimi kimya kile nilikitafsiri nilivyojua: huyu mama amenichukia, ameona aibu kuwa na mtoto mjinga. Nikaishi nacho.

Sasa ile diski ya kipaimara chako unaijua, umeitazama mpaka umeichoka. Mtoto wa kanisa lile la mawe ni lazima apigwe video, hata kama nyumbani mmelala na njaa, na mimi sikutaka uwe tofauti na wenzako. Baadaye tukahamisha mkanda kwenye diski. Unakumbuka pale mchungaji anapowataja watoto na wazazi wao? Akafika kwako, akakutaja wewe, akataja na jina la baba yako ambaye hakuwepo. Palepale bibi yako anageuza uso. Anaacha kutazama madhabahu, anaangalia pembeni, kwenye nguzo. Katika chogo letu anaangalia nguzo tupu.

Ile picha iliniuma kuliko kuachwa. Nilisema: hata siku ya Bwana, hata mbele ya mjukuu wake, jina la mume wangu limemfanya ageuze uso. Mimi mwenyewe nilikuwa kule pembeni, nimejibanza nyuma ya watu, natazama sakafu, maana nilijua jina litatajwa na kanisa zima litanigeukia. Mwaka uliofuata bibi akafariki, na jibu langu akaenda nalo.

Nimekuambia hayo ili ujue nilikuwa na moyo gani siku ya kwenda kununua televisheni ya send-off.

Kamati ilitaka boksi liingie ukumbini likiwa limefungwa, libebwe kichwani kwa ngoma na vigelegele, kama friji la binti wa jirani yetu mama Eliya. Nikasema ng'o. Boksi lililofungwa linachezewa ngoma na ndani kunaweza kuwa na matofali! Nikasema naenda kuchagua mwenyewe, na nikamwita Baraka anisindikize. Wewe ulifurahi, ukadhani tumeanza kupatana. Haikuwa hivyo. Nilitaka kumwona mahali penye kuuza na kununua, maana mtu hujificha kanisani, hujificha mezani, ila dukani hutoka.

Ngoja niseme ukweli kuhusu huyo mumeo. Nilimshuku tangu siku ya kwanza. Mpole mno. Anasalimia mno, shikamoo yake inaanzia getini. Nilimpikia makande yakaungua, akala yote, akaomba ya pili. Sasa mwalimu wa hesabu, mtu wa akili timamu, anaomba makande ya kuungua kwa nia gani? Nikasema huyu anatafuta kitu.

Basi tukaingia lile duka la vioo karibu na Kijenge. Muuzaji akaniona na kitenge changu, akaniita "yeyo," yaani mama kwa Kimaasai, kama vile nimeteremka Monduli asubuhi hiyo kuuza mbuzi. Akatupeleka kwenye ukuta mzima wa flati, hizi televisheni bapa za siku hizi, zote zinaonyesha kitu kimoja: samaki wekundu kwenye maji ya buluu, halafu ua linachanua, halafu mtu anakata chungwa. Loo, ilikuwa nzuri! Hata mimi nilisimama mdomo wazi. Halafu nikajishika. Samaki yule mimi sijawahi kumwona, Baraka hajawahi kumwona, na muuzaji hajawahi kumwona. Nani atajua kama wekundu ule ni wake au amepakwa?

Nikauliza bei. Iliyo kubwa na iliyo ndogo kuliko hiyo zilikuwa bei moja. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ni ofa. Mh! Nikaenda nyuma ya ile kubwa kuangalia skrubu, nikakuta vichwa vyake vimekwaruzwa. Ilikuwa imeshafunguliwa na fundi, ikafungwa tena, ikarudishwa ukutani kumngoja yeyo wa Monduli. Muuzaji akaanza kuisifu spika. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na ile ilikuwa inatembezwa kwa mbio.

Ndipo nikatoa diski kwenye pochi.

"Hiyo ni ya nini, yeyo?"

"Ya kanisani."

"Ah, mama, za kanisani hazitoi picha nzuri. Mle ndani ni giza."

"Ndiyo maana nimeileta," nikamwambia.

Aliiweka kwenye deki huku amenuna. Kwenye televisheni ya kwanza, bibi yako akanenepa. Bibi ambaye hakuwahi kunenepa maisha yake yote, kiuno kama cha nyigu, akatokea na mashavu mapana kama mke wa mbunge. Wameivuta picha ijae kioo, eti mteja asione pengo. Ya pili, ile yenye samaki mwekundu kuliko wote, ikamfanya bibi mwekundu kama nyanya, na nilipohamia pembeni, karibu na friji, akapauka kabisa. Muuzaji akashangaa kwa nini sisimami mbele. Nikamwambia kwetu mbele wanakaa watoto, watu wazima tunakaa pembeni, na shangazi anasimama mlangoni kwa sababu anasema anaondoka. Ya tatu, uso wa bibi ulikuwa doa jeusi lenye meno. Mle kanisani mna giza kweli, na sisi ni weusi, na hiyo ndiyo kazi ya televisheni. Ya kumwonyesha samaki juani hata chogo linaweza.

Muda wote huo Baraka kimya, ameshika mwavuli wangu. Nikamhesabia na hilo. Mwanaume anayenyamaza dukani ama hana hela ama ana mpango.

Ya mwisho ilikuwa chini kabisa, ina vumbi, kwenye samaki ilionekana imepooza. Muuzaji alipoiwasha aliomba radhi. Picha haikujaa, pembeni kulikuwa na weusi kila upande. "Niipanue, mama?" Nikasema usiiguse. Maana bibi yako alikuwa pale. Mikunjo ya shavuni, ile kofia ya sufu, lile pengo lake, na weusi wake wenyewe. Niliziba mdomo kwa kitenge. Nilikuwa sijamwona mama yangu tangu tumzike, nilikuwa naona kivuli chake tu.

Mchungaji akaanza kutaja majina. Akakutaja wewe, akamtaja baba yako, bibi akageuza uso. Nikaangalia chini kama kawaida yangu.

Baraka ndiye aliyesema, kwa mara ya kwanza tangu tuingie: "Mama, huyu mwenye gauni la buluu ni nani?"

"Gauni la buluu lipi?"

"Huyu hapa ukingoni kushoto, anayetazama chini. Bibi anamwangalia yeye."

Anaeli, lile chogo letu lilikuwa linakula kingo za picha. Miaka yote hiyo tulikuwa tunaona bibi anaangalia nguzo, kumbe pembeni ya nguzo, pale kioo kilipoishia, nimesimama mimi. Gauni la buluu la kola nyeupe nililoshonewa kwa ajili ya kipaimara chako. Kanisa zima limetazama mbele, na mama yangu amegeuka kunitafuta. Na hakuwa amekasirika. Kwenye chogo letu uso ule nilikuwa sijawahi kuuona wote. Ni uso aliokuwa nao nilipokuwa mtoto nikiugua homa, anaponiangalia kama nimeamka.

Nilimwambia muuzaji aifunge hiyohiyo, nikatoka nje nikasimama kwenye vumbi la barabarani. Hukuniona nilivyolia, na Baraka ninaamini hakukwambia.

Ungedhani hapo ndipo nilipomkubali. Wapi! Tulipofika Kimandolu nilikuwa nimeshajiambia: huyu kijana ni hatari. Amejua mama mkwe anapoumia, akaweka kidole hapohapo. Baba yako naye alijua mahali pa kuweka kidole. Nikachukua rangi yako ya kucha, nikaweka kitone chini ya stendi ya televisheni, upande wa kushoto, nijue kama itabadilishwa. Kwenye send-off niliwazuia kuichezea ngoma, ikaingia imesimama wima, kamati ikaninunia, nikawanunia. Ikaja harusi, na kwenye picha zote mimi nimekunja uso kama nimekalia msumari. Baada ya harusi nikaifunga ndani ya boksi kwa utepe mweupe, na ndani, Baraka akiwepo, nikaweka diski ya bibi iende na wewe. Ni yako, kipaimara kilikuwa chako.

Jana asubuhi nafagia sebule, nikaona utepe wa boksi ni wa kahawia.

Nilikaa chini. Na nisikudanganye, moyo ulikuwa na furaha kidogo. Nikasema, nimempata! Amebadilisha televisheni, amechukua ya bei rahisi, chenji iko mfukoni. Wewe ulikuwa umekwenda sokoni na yeye alikuwa ametoka mapema bila kusema anakokwenda. Nikaufungua utepe, nikainua stendi. Kitone kipo. Televisheni ni ileile. Nikapapasa boya lote, nikatingisha boksi. Diski haipo.

Sasa diski ya kanisani, mtu anaiba ya nini? Nilizunguka na swali hilo nyumba nzima. Nikaanza kuandaa maneno. Nilikuwa na maneno mazuri, mwanangu, yangeivunja ndoa yako ikiwa changa bado.

Alirudi mchana, jasho linamtoka. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefungua boksi langu."

"Ndiyo, mama."

"Bila kuniambia."

"Ndiyo. Nilidhani nitarudi kabla hujaona. Studio walikuwa na foleni." Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa diski mbili. Moja ile yetu yenye mkwaruzo. Ya pili mpya, imeandikwa kwa kalamu, kwa mwandiko wake wa ubaoni: BIBI. "Nimeona ilikuwa moja tu, mama. Ikienda Mwanza, wewe utabaki unamtazama nani?"

Nilimnyang'anya ile mpya mkononi, nikaiweka kwenye deki yetu, kwenye chogo, yeye amesimama palepale mlangoni. Nilitaka kuona kama ni tupu. Akasema taratibu, "Jaribu, mama. Nilijua utajaribu." Na bibi yako akatokea, na chenga zake, anaangalia nguzo.

Nilimwambia aende akale. Yalikuwa makande. Hakuna lingine nililosema, Anaeli, wala asante sikusema, na leo nzima nimempita kama nguzo ya umeme. Ulimi wangu umezoea kushuku, haujui pa kuanzia ukikosa cha kushuku. Wewe umerithi macho yangu, basi yatumie dukani, uangalie skrubu, usimame pembeni, usiamini samaki. Ila mtu akishakuletea diski ya pili bila kuombwa, usimzungukie nyuma na bisibisi kama nilivyofanya mimi. Utamchosha, atakwenda, na utasema ulijua.

Mama yangu alinijibu, nimeliona jibu lake. Lakini alinijibu kwa macho, na nilikuwa natazama sakafu, na aliyekuja kunionyesha ni kijana niliyekuwa namchunga asiniibie. Miaka yote ile ningeweza kuwa nimelala usingizi mzuri. Sitaki wewe ukae Mwanza unatafuta jibu langu ukingoni mwa picha za harusi, mimi nimekunja uso vile, utalikosa na utalia bure. Naandika kwa mkono wangu.

Ndiyo, Anaeli. Nimemkubali.

Mkifika, msianze na mpira. Wekeni diski ya bibi kwanza, nimeirudisha humu boksini, wala msiipanue picha. Mchungaji akitaja jina lako, tazameni ukingo wa kushoto. Nipo hapo.

Mama yako